Kompyuta Ilifuta Jibu la Bi Harusi

"Mwanangu mmemtupa wapi?"

"Hatujamtupa, mama. Kompyuta imechukua penye sauti."

Nilibishana hivyo na mteja kwenye duka la video mtaani Dunda, ninakofanya kazi tangu niache shule. Nilikuwa nimeweka kwenye kompyuta yetu programu ya kukata vipande vya video za mubashara. Ili kompyuta isijae, niliiagiza programu ibakize kelele na kufuta ukimya.

Binti wa mteja huyo aliolewa Maskati, naye mama hakuweza kwenda; alituomba tumrekodie harusi iliyorushwa mubashara mtandaoni. Vigelegele vilibaki, hata swali la shehe kwa binti, kama anakubali kuolewa, lilibaki. Kilichofutwa ni binti kuinamisha kichwa na kunyamaza, ambako kwetu ndiko kuridhia. Video nzima haikuhifadhiwa kokote.

Nikamwomba radhi. Alivaa kandambili zake taratibu.

"Hao wapiga vigelegele simjui hata mmoja," alisema mlangoni. "Nilitaka kumwona yeye."