Mkono Mmoja kwa Jirani

Wiki iliyopita mjukuu wangu mchoraji alinifunulia picha ya mtaa niliokulia, kule Ujiji. Kila kitu alikipatia: milango, mabaraza, hata moshi wa jikoni. Lakini kati ya nyumba na nyumba alikuwa amepiga mstari mweusi, umenyooka kama wa rula. Nikamwambia, "Hujachora Ujiji wewe. Umechora makaburi."

Akanuna. "Bibi, kesho naipeleka Kigoma kwenye maonyesho!"

"Ipeleke. Ila usiwaambie watu kwamba ni kwetu."

Wewe unayesoma, ngoja nikueleze. Enzi zetu nyumba za udongo ziligusana mbavu. Idi ikikaribia, bibi yangu aliloweka udongo mweupe kwenye karai, akaponda ncha ya kuti la mchikichi likawa brashi, tukapaka ukuta wa mbele mpaka alasiri, harufu ya migebuka, samaki wa ziwa letu, ya futari ikitutesa na funga zetu. Ukimaliza wa kwako hukuishia pembeni. Ulivuka, ukapaka urefu wa mkono mmoja kwenye ukuta wa jirani wa upande wa ziwani. Naye akavuka kwa wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Ukitazama, hujui nyumba ya nani imeanzia wapi.

Mwaka mmoja niligombana na binti wa jirani, kaniita mguu wa bata. Nikapaka kwetu, nilipofika pembeni nikakoma hapo hapo. Bibi akaona. Hakunichapa. Alinikabidhi karai zima: "Nenda ukampake jirani ukuta wote."

Nilipaka nalia, na yule binti kakaa barazani ananicheka. "We mguu wa bata, umeruka pale!" Magharibi ilipoingia, mama yake akanipa uji mimi kwanza, kabla ya mwanawe.

Mjukuu alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi nikakuta mistari yote kaifuta, rangi ya kila nyumba imevuka kwa mwenzake. Nikapima kwa jicho. Mkono mmoja, sawasawa.

Mtaa wenyewe siku hizi ni mageti na kuta za tofali, juu vipande vya chupa. Jirani ukimtaka, umpigie simu. Mimi shule sikusoma, lakini picha ilipotundikwa kule Kigoma nilisimama pembeni yake, nikamwambia kila aliyepita: huyu mchoraji ni wangu, na kupaka tumefundishwa na mtu mmoja.