Kitambaa cha Timu ya Zambarau

Alichokiona Dobi asubuhi ile kilimfanya aweke furushi la mashati chini, katikati ya njia, yeye ambaye tangu aanze kazi hajawahi kuiweka nguo ya mtu mavumbini. Shemeji yake, fundi viatu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, mkono wa kushoto ameuvisha kiatu cheusi, wa kulia anakisugua kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe cha zambarau. Dobi alikijua. Alikikata mwenyewe, akakipinda mwenyewe, akakitia wanga na kukipiga pasi mpaka kikasimama kama ubao.

"Shemeji, hicho ni nini?"

"Tambara tu. Umeamkaje, shemeji?"

"Salamu baadaye. Nimekuuliza, hicho ni nini?"

Fundi viatu hakuinua macho. Akakitemea kiatu mate kidogo, akaendelea kusugua.

Kitambaa kile hakikuwa tambara. Kila Jumamosi alasiri, watu wa mtaa ule walikutana katika chumba cha fundi viatu kucheza gemu ya mpira. Si hizi gemu za siku hizi ambazo mchezaji anatoka jasho ukaliona. Ni ile ya zamani, ya kaseti unayoipuliza vumbi kabla ya kuichomeka, wachezaji ni vijitu vinene visivyo na sura, na timu zinajulikana kwa rangi ya jezi tu. Mshindi wa siku, kitambaa cha rangi ya timu yake hutundikwa mlangoni, na hapo kinakaa mpaka ashindwe. Cha zambarau kilikuwa kimekaa mlangoni pale tangu msimu wa mvua uliopita, jua limeanza kukipausha. Hakuna aliyeweza kukiteremsha kwa kucheza. Sasa kimeteremshwa kwa mkono.

"Tumekaa sote," fundi viatu alisema hatimaye, "tukaona Zambarau isichezwe tena."

"Sote kina nani?"

"Mimi na kinyozi."

"Wawili ndio sote? Hata kujaza benchi hamtoshi."

"Shemeji, usikasirike. Timu ile ina kasoro. Imechezewa humo ndani ya mashine. Marehemu alikuwa fundi, kila mara alikuwa anaifungua ile mashine. Hatusemi kwa ubaya. Alikupenda, akakutengenezea timu yako ushinde. Mtu akimpendelea mkewe ni dhambi?"

Dobi aliona weusi mbele ya macho. Kumwita yeye mwizi, angeweza kujibu. Lakini marehemu! Mtu aliyekuwa akirudisha redio ya mteja pamoja na skrubu iliyobaki, ameifunga katika karatasi, asije akaambiwa kaiiba. Na anayempaka matope si mtu baki. Ni mdogo wake, tumbo moja, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

"Rudia," alisema.

"Shemeji, watu wanapita."

"Ndiyo maana nakuambia urudie. Ulisema mbele ya viatu vya watu, sema mbele ya watu wenyewe."

Fundi viatu akakiinamia kiatu chake. Dobi akaokota furushi lake, akalipangusa vumbi, akaondoka bila kuaga. Siku ile alipiga pasi mpaka mwenye duka la vifungo aliyekuwa jirani yake, Mama Vifungo, akaja kuchungulia.

"We dada, hizo kola zimekukosea nini?"

"Wananiambia mume wangu alikuwa tapeli."

Akamsimulia yote. Mama Vifungo akashika kiuno. "Hivi hao si ndio walioiita Zambarau timu ya mazishi?"

Ndio hao hao! Hapo ndipo hasira ya Dobi ilipokuwa inakoka moto upya kila akikumbuka. Mashine ile marehemu aliichukua kwa mtu ikiwa mbovu, akaifufua, akaiweka chumba cha mbele cha udobi ili wateja wasichoke kungoja nguo zao. Na akaweka sharti moja: mgeni anachagua timu kwanza, mwenye nyumba anachukua iliyobaki, ile isiyotakiwa na mtu. Wageni walichagua Wekundu wenye winga anayeruka kama cheche. Walichagua Weupe wenye mastraika warefu kama milingoti. Walichagua Bluu, wanaokunyang'anya mpira kabla hujaugusa. Hata Kijani walipata mtu. Iliyobaki siku zote ni Zambarau, wazito, wavivu wa kugeuka, na golikipa mfupi ambaye Mungu anajua nani alimwajiri. Dobi akacheza nayo miaka, pasi ikipoa upande mmoja, yeye akifungwa upande wa pili. Wateja walichukua nguo zao wakacheka mpaka nje.

Hakuna aliyemwonea huruma, na hakuomba huruma. Akaanza kuangalia. Akaona winga wa Wekundu hana breki: lazima akimbie mpaka kwenye kibendera cha kona ndipo apige krosi, na pale anachelewa kugeuka. Basi Dobi akaacha kumfukuza. Alimwacha akimbie zake, mabeki wa Zambarau wakijipanga mbele ya goli wakimngoja, kama unavyomngoja mteja ambaye nguo zake unazo. Weupe wanafunga kwa vichwa tu; ukiwapa kona umejimaliza. Dobi akawa anautoa mpira pembeni, warushe wapendavyo. Bluu wanapumua moto kipindi cha kwanza, cha pili hoi. Dobi aliurudisha mpira nyuma, kwa kipa, kwa beki, kwa kipa tena, watazamaji wakizomea, mpaka Bluu wakachoka kabisa, ndipo Zambarau wakaamka. Kila timu aliitafutia dawa yake. Na hilo la timu moja kuwa na dawa ya kila timu ndilo wanaloliita kasoro ya mashine.

Marehemu alipoondoka, nguo zikajaa mpaka chumba cha mbele, na fundi viatu akaomba mashine ikae kwake. Kwake, Dobi akawa mgeni. Siku ya kwanza wakamwambia, "Haya shemeji, leo chagua wewe kwanza." Akachagua Zambarau. Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika mpaka kisimani. Walipoanza kufungwa mfululizo, kicheko kikageuka mnong'ono. Kinyozi, mwenye mdomo mwepesi kuliko mkasi wake, ndiye aliyeanza: mtu mwenye akili zake anaachaje Wekundu, apewe nafasi ya kwanza, achukue takataka? Anajua kitu! Haikuwapitia akilini kwamba mtu aweza kuzoea alichoachiwa mpaka kikawa chake.

Jumamosi ilipofika, Dobi aliingia chumba cha fundi viatu amevaa gauni lake la kutokea. Watu wamejaa, wengine wamekalia maboksi ya viatu. Kinyozi akawahi:

"Mama, karibu. Ila Zambarau leo hapana."

"Nimekuja kuitoa mwenyewe. Shemeji, wewe ndiye mwenye nyumba, mimi mgeni. Nachagua kwanza, sivyo?"

"Ndivyo, shemeji."

"Nachukua Wekundu. Wewe chukua Zambarau."

Wekundu walikuwa timu ya fundi viatu tangu enzi za kaka yake. Mtu mwingine hakuwa akithubutu.

"Kama kaka yako aliichezea mashine," Dobi akaendelea, "timu itashinda mkononi mwa yeyote. Ukinifunga, nitasema mwenyewe hapa hapa kwamba mume wangu alikuwa tapeli, na mashine mtabaki nayo. Nikikufunga, utatoka nje, utasimama ulipokuwa unasugua kiatu, utasema ulichonikatalia kurudia. Kisha utalisafisha jina la kaka yako kwa sauti."

"Hayo ndiyo maneno!" Mama Vifungo akapiga kofi. "Kaa, fundi. Au viatu vimekubana?"

Wakakaa. Dobi alishika kidude cha kuchezea, na palepale akajua ametia mguu pabaya. Vidole vyake vilizoea wazito. Alimgusa winga wa Wekundu kidogo tu, akachomoka, akakimbia na mpira mpaka akatoka nje ya uwanja nao. Watu wakaangua kicheko. Akampa pasi fowadi, fowadi akaupita mpira, ukabaki nyuma kama mtoto aliyeachwa sokoni. Fundi viatu naye alikuwa anaburuta Zambarau kama mkokoteni, lakini akapata kona, mpira ukamgonga beki wa Wekundu, ukaingia.

"Mnaona?" kinyozi aliruka. "Mnaona? Goli lile ni la kawaida? Timu imechezewa!"

Dobi alikishika upya kidude. Hakumfikiria kinyozi. Alimwona marehemu ameinamia mashine, bisibisi mdomoni, na akajiona yeye anafungua kinywa mbele ya watu hawa kusema lile neno. Mapumziko yakaingia, mashine ikapiga muziki wake wa kinanda kibovu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama Vifungo. Zambarau wana kidonda. Yule kipa mfupi hawezi kulala kushoto kwake. Mpira wa chini, unaotambaa majani, ukipigwa kutoka upande ule pale pembeni ya boksi, anautazama unapita. Ndiyo sababu beki wa Dobi, namba tano, hakuondoka pale hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Walimcheka miaka yote. "Mama, beki wako amelala!" Hakulala. Alikuwa mlangoni. Na upande ule ndio upande wa winga wa Wekundu. Kila Jumamosi fundi viatu alikuwa na ufunguo mkononi, akiupitisha mbio kando ya mlango akienda kwenye kibendera!

Kipindi cha pili kilipoanza, fundi viatu, kichwa kimevimba kwa bao lake, alimpandisha namba tano mbele akatafute la pili. Mlango ukabaki wazi.

Dobi alisita. Akipita hapo, macho yote haya yataona. Kesho kila mtu atakuwa anapita hapo, na Zambarau aliyoilea miaka itafungwa na kila mwenye vidole. Mbona alazimike kuvua nguo hadharani ili aaminiwe yuko safi? Nani mwingine aliwahi kutakiwa hivyo? Kinyozi alipokuwa anashinda na Weupe, nani aliwafukua wafu wa kwao?

Akauma meno. Akamtuma winga, na kabla hajafika kwenye kibendera akamkata ndani, akapiga chini. Kipa akautazama. Goli.

"Bahati," alisema fundi viatu.

Akampitisha tena palepale. Goli. Safari ya tatu fundi viatu bado anatafuta bao mbele, namba tano wake yuko huko anahangaika. Goli. Tatu kwa moja, filimbi ikalia.

"Kumbe!" kinyozi alinong'ona, ila mnong'ono wake ulisikika na wote. "Kumbe yule beki hakuwa amelala."

"Simama, shemeji," Dobi alisema. "Nje."

Fundi viatu alijaribu kucheka. "Shemeji, yamekwisha. Hongera. Wewe ni mkali, tumekubali."

"Sikuja kuambiwa mkali. Nje."

Wakatoka, watu wote nyuma yao. Fundi viatu akasimama kando ya kigoda chake, anatazama viatu kama vile vingemsemea. "Nilisema kwamba kaka aliichezea mashine."

"Na?"

"Hakuichezea."

"Sauti."

"Kaka yangu hakuichezea mashine!" Na aliposema kaka yangu, akageuza uso. Dobi aliliona hilo. Hakumpa pole. Alisubiri mpaka ameugeuza tena, akampa kitambaa cha zambarau alichokiokota chini ya kigoda, kimeganda rangi nyeusi ya viatu.

"Utakifua wewe. Kwangu usikilete."

Alikifua. Watu walimwona nyuma ya nyumba, povu mpaka kwenye viwiko. Rangi ya zambarau ilirudi, ila weusi haukutoka wote, ukabaki katikati kama kisogo cha mtu. Kikatundikwa hivyo hivyo, maana Dobi mwenyewe hakuwa amefungwa.

Hakikukaa sana. Jumamosi iliyofuata kinyozi aliwaacha Weupe wake, akaomba Wekundu, na Dobi akachukua Zambarau. Kinyozi hakwenda kwenye kibendera hata mara moja. Alikata ndani, kushoto kwa kipa, tena na tena. Dobi akazidisha mabeki pale, kinyozi akapita walikotoka hao mabeki. Mwisho akashinda, akasimama juu ya boksi la viatu, mikono juu.

"Mama, nisamehe! Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

"Sikuwafundisha," Dobi alisema. "Mlinilazimisha."

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu akateremsha kitambaa cha zambarau, safari hii kwa mikono miwili, akakikunja vizuri, akamkabidhi. Mlangoni kikapanda chekundu. Dobi alikiweka cha zambarau mapajani, akakinyoosha kwa kiganja, doa juu. Kisha akakivuta kigoda cha shemeji mbele ya mashine bila kuomba ruhusa, akakikalia kama mwenye nyumba, akachukua kidude cha kuchezea.

"Washa tena," alisema. "Wewe ni mgeni hapa, kinyozi, chagua. Mimi unajua nitakachochukua."