Kifuniko Changu na Durite Yake

Mimi ni muntu wa kutaja mwenye kosa. Aliyeiba funguo zangu za kazi, spana zote, kule Nyunzu ni jirani yangu mwenyewe, na nilimwambia mbele ya mke wake. Anayetia maji kwenye mazutu, dizeli ya mtaa wetu, ni yule mwenye madumu ya bluu. Na aliyekalia nafasi yangu kwenye boti, wakati vita vilipotutoa Nyunzu, ni fundi mwenzangu. Tulijifunza kazi tukiwa tumelala chini ya gari moja. Tulifika Kalemie pamoja, kidole gumba changu cha kushoto kimeshabaki kwenye mlango wa kamyo, lile lori lililotuleta. Boti ya Kigoma ilikuwa na nafasi ya muntu mmoja. Mimi nilikuwa nafunga kitambaa mkononi. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa amekaa.

Nilibaki. Niliyoyaona nilipobaki siyaandiki hapa.

Yeye alirudi miaka mingi baadaye na tumbo, na mke, na sanduku jekundu. Ndani ya lile sanduku kulikuwa na chombo cha kutafuta upepo unaotoroka kwenye gari za turbo. Turbo inasukuma upepo ndani ya mota, yaani injini, kupitia mabomba ya mpira, sisi tunaita durite. Durite ikipasuka kidogo tu, gari linachoka kwenye mlima, linatoa moshi mweusi, na fundi anaweza kufungua kila kitu asione ugonjwa. Chombo chake kilikuwa na mpira mweusi unaong'aa, na saa ya kupimia nguvu ya upepo. Nilikiona kupitia ua wa matete. Kumuomba aniazime? Afadhali nife.

Basi kuna Mama mmoja anayepeleka dagaa wa Zongwe mpaka Manono. Gari lake la turbo lilianza kuchoka. Alituita wote wawili.

"Gari la pili linakuja," alisema. "Atakayepata ugonjwa wa hili, njo atashika yote mbili. Mukuje Jumamosi."

Mimi sikuwa na gari hata moja la kudumu. Nilikuwa nabandika mipira ya baiskeli.

Nilikusanya bastoni zilizokufa, pistoni za mota za zamani, nikazipeleka kwa mzee anayeyeyusha aluminiamu na kumimina sufuria.

"Papa, unataka sufuria ya mutoto?" aliniuliza.

"Nataka kifuniko kinachobana ndani ya durite. Kipimo njo hiki," nikampa kopo la maziwa.

Cha kwanza kilitoka na vitobo vidogo vidogo. Kilivuja chenyewe! Tukakiyeyusha tena. Cha pili kilitoka kizito, kizuri. Nikatoboa katikati, nikapachika mdomo wa kujazia upepo niliokata kwenye mpira wa pikipiki, nikaukaza kwa nati na gundi. Nikakifunga kwenye kipande cha durite kilichozibwa, nikakitumbukiza kwenye beseni, nikapiga pompi ya baiskeli. Hakuna povu. Nikasema, aje sasa na sanduku lake.

Jumamosi alikuja nalo kweli, amevaa ovaroli safi. Akaona changu, akacheka.

"Mukubwa, leo unatupikia nini?"

"Nakupikia wewe," nikajibu. Watu wa uwanja wakacheka, hata Mama.

"Basi aanze mukubwa," mwenzangu alisema, akakaa juu ya sanduku lake.

Nilitoa bomba la chujio la upepo, nikabana kifuniko kwenye mdomo wa turbo, nikapiga pompi. Halafu nikapitisha kitambaa cha maji ya sabuni kwenye kila durite. Huku kimya. Huku kimya. Chini, nyuma ya betri, tukasikia tsss, na povu likainuka, kubwa kama ngumi.

"Liko pale!" Mama alipiga makofi. Akainama. Durite ilikuwa imezungushiwa vipande vya mpira wa baiskeli. "Na nani alinifungia huu uchafu?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Miaka mitatu nyuma, kwenye njia ya Nyunzu, mvua, dereva wake wa zamani ananihimiza, nililifunga mimi. Kwa sababu sina gumba la kushoto, fundo langu hukimbilia upande mmoja na kukunjwa mara mbili. Hakuna fundi mwingine Kalemie anayefunga hivyo. Na muntu mmoja tu analijua fundo lile: huyu aliyekaa juu ya sanduku, aliyeniona nikifunga kitambaa siku ya boti.

Nikamnyooshea mwenzangu mkono. "Huyu," nikasema.

Yeye alilitazama fundo. Akautazama mkono wangu.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Unisamehe. Nitaagiza durite mpya Kigoma."

Akabeba sanduku lake, hakulifungua, akaenda.

Gari zote mbili niko nazo mpaka leo. Naye tukikutana sokoni ananiita mukubwa mbele ya watu, anauliza habari za nyumbani. Kama alidhani analipa ile nafasi ya boti, hajailipa. Hata kunyamaza alinishinda, na hilo nalo ninamwonea wivu kuliko sanduku.

Durite yake ilifika, niliifunga mwenyewe. Kila mara gari lile likirudi kutoka Manono nabana kifuniko changu, napiga pompi, naimwagia sabuni ile durite, halafu nachuchumaa nikisubiri povu. Halijatoka.