Attracta Tansey na Mechi ya Ijumaa

Ukitaka chakula cha ndama hapa Kilcorran, jiandae kwanza kusikiliza habari za mpira. Nyuma ya kaunta ya duka la mifugo yuko Attracta Tansey, mjane mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyeko mlima wa pili. Ndiye anayefua jezi za klabu, ndiye anayechemsha chai ya mapumziko, na ndiye mjumbe wetu kwenye kamati ya kaunti ya mpira wa Kigaeli, ule wa Ayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu. Ujumbe huo alipewa kwa sababu wanaume waliomtangulia walikuwa wakienda kikaoni wananguruma, wakirudi wamelainika kama siagi.

Wiki ile dukani palichafuka. Timu ya kaunti ilikuwa imeshinda tena, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia wala, tuseme ukweli, aliyeliomba. Timu hiyo ikishinda, mechi za klabu zinasogezwa mbele, mastaa wake, ambao hutoka klabu hizo hizo, wasije wakavunjika miguu kwenye matope yetu. Mechi yetu na Drumsheel, majirani wa ng'ambo ya daraja, ilishasogezwa mpaka tukachoka kununa. Sasa imepangwa Jumapili ya wiki inayofuata.

"Tutacheza Krismasi," alisema Mzee Dominic Hever, ameegemea magunia. "Refa avae ndevu nyeupe."

"Huyo mwenye ndevu angalau anakuja siku aliyosema," Attracta akamjibu.

Alicheka kwa mdomo tu. Fintan, mwanawe wa pekee, alikuwa anaondoka Jumapili hii ya karibu, wiki nzima kabla ya mechi, kwenda Australia kwenye kazi za ujenzi. Goti lilikuwa limemweka nje tangu utoto umtoke, hajawahi kuichezea timu ya wakubwa, na ndiyo kwanza limepona. Attracta alitaka kitu kimoja: amwone kijana wake uwanjani na jezi ya Kilcorran kabla hajapanda ndege.

Basi akaenda kikaoni kuomba mechi irudishwe Ijumaa. Nilimwendesha mimi, kwa kuwa nina gari na sina kazi ya maana.

"Mama, ratiba ni ratiba," mwenyekiti alimwambia.

"Hiyo ni ratiba? Mimi nilidhani utabiri wa hali ya hewa, maana kila asubuhi inabadilika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akawa mwekundu, akataka tu aondokewe. "Drumsheel wakikubali kucheza Ijumaa, chezeni. Chezeni hata alfajiri, shauri yenu!"

Watu wakacheka zaidi. Drumsheel wakubali! Hao wanatununia tangu fainali moja iliyochezwa kabla sijazaliwa, pale Batty Loftus wetu alipopiga mpira wa mwisho ukapita juu ya mwamba wa goli, ambayo ni pointi, au nje ya mlingoti, inategemea umezaliwa upande gani wa daraja. Mwamuzi wa golini akapeperusha kibendera cheupe, tukapewa pointi, tukabeba kombe. Tangu siku hiyo Eunan Feely, katibu wa Drumsheel, anaendesha gari hadi mji wa tatu kununua mbegu za nyasi, ilimradi asimwone Attracta. Attracta alipompigia simu, hakupokea.

Kesho yake Batty Loftus mwenyewe akafariki.

Kwenye msiba hapa kwetu hakuna Drumsheel wala Kilcorran. Kila mtu anapanga foleni, anamwona marehemu, anawapa mkono wafiwa, anakunywa chai. Attracta alipomwona Eunan kwenye foleni, alipenya kwa viwiko mpaka akasimama nyuma yake. Mimi nikafuata, nikiomba radhi kwa kila aliyekanyagwa.

"Eunan."

"Attracta." Hakugeuka.

"Ijumaa jioni. Kwenu au kwetu, chagua wewe."

"Ratiba inasema Jumapili ya wiki ijayo."

"Mtoto anaondoka, Eunan."

Foleni ikasogea. Eunan akajikuna shingo. "Sema ulikwenda nje."

"Nini?"

"Unajua nini. Sema ule mpira ulikwenda nje, tunacheza Ijumaa."

"Hapa? Na mwenyewe kalala pale?"

"Hapa ndipo mlipo wote."

Nikamnong'oneza, "Mama, achana naye, Fintan atakuja likizo." Akanikanyaga kidole kwa kisigino.

Tukafika kwenye jeneza. Batty alikuwa amevaa suti na tai ya klabu, amenyooka kuliko alivyowahi kunyooka akiwa hai. Attracta akamshika mkono mjane wake, Dympna.

"Pole sana, Dympna. Batty alikuwa mtu mwema." Akavuta pumzi. "Na ule mpira ulikwenda nje."

Chumba kizima kikaacha kukoroga chai.

"Attracta Tansey!" alisema Dympna. "Na marehemu yuko hapa hapa anakusikia!"

"Anajua, mama. Si ndiye aliyeupiga?"

Dympna alijikaza. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka akashikwa asidondoke. "Kila Krismasi alikuwa ananiambia ulipita ndani kwa inchi moja. Namuuliza, Batty, ndani ya nini?"

Eunan akavua kofia. "Ijumaa, saa moja jioni," akasema. "Kwenu."

Asubuhi Dominic Hever alikuja dukani kutangaza kwamba hatanunua tena kwa msaliti. "Duka la mji wa tatu ni zuri, muulize Eunan," Attracta alimwambia, akimpakilia gunia lake la kawaida.

Ijumaa ikanyesha. Fintan alianza beki ya kati. Attracta alikaa kwenye tuta na chupa ya chai, amekataa mwavuli wa kila mtu. Kijana aligusa mpira mara mbili, vizuri tu. Kisha mshambuliaji wa Drumsheel akamnong'oneza kitu sikioni, na Fintan akamtandika ngumi. Kadi nyekundu, jezi haijapata hata tope.

"Refa, macho umeyaacha nyumbani!" walipiga kelele mashabiki. Fintan alipanda tuta kichwa chini.

"Nisamehe, Mama. Umehangaika bure."

"Keti. Alikwambia nini?"

"Alikusema wewe."

"Ulimpata sawasawa?"

"Sawasawa."

Akammiminia chai, akafungua koti lake kubwa likawafunika wote wawili. Mimi, mchezaji wa akiba wa kudumu, niliingizwa kipindi cha pili, na kila nilipoinua macho niliona vichwa viwili vimeegemeana, vinaongea, havina habari na uwanja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Attracta alishtuka.

"Nani kashinda?" aliuliza.

Fintan akasema hajui.