Nililiona kosa kwenye proposal ya rafiki yangu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mwenyekiti

Wakuu, kwema humu? Wa Mbeya poleni na baridi, wa Iringa poleni na upepo.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu, nacheka, natoka. Leo naleta yangu. Majina nimebadilisha na mashirika sitayataja, msihangaike kuchimba. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sijaweka chumvi.

Kwanza kazi yangu, maana hata mama yangu mzazi haielewi. Mimi ni fundraiser. Kuna shirika Mbeya linahudumia watoto wenye ulemavu, mimi ndiye nalitafutia fedha. Naandika proposal, nawaandikia wafadhili, wakija nawapokea, wakiondoka nawaandikia tena. Mama akiulizwa na wenzake kanisani binti yako anafanya kazi gani, anajibu, "Anaomba." Basi wanampa pole.

Watu wanadhani ni kazi ya kuvaa vizuri na kupiga picha na wageni. Ukweli ni kazi ya mtu mmoja. Kwenye shirika walimu wako wengi, wauguzi wako wengi, hata dereva ana dereva mwenzie wa kulalamika naye. Fundraiser yuko peke yake. Fedha ikija ni ya shirika, isipokuja ni ya kwako.

Ndiyo maana niliposikia kuna chama cha watu wa fani hii kwa Nyanda za Juu Kusini, nilijiunga haraka kama mtu aliyekuta watu wa kwao ugenini.

Mikutano ya kawaida tunafanyia Makambako. Pale ni katikati, kwa hiyo wa Mbeya na wa Iringa tunalalamika sawasawa.

Huko ndiko nilikompata Vumilia.

Vumilia ni Mhehe, rika langu. Alikuwa anatafutia fedha kituo kimoja cha kufundisha wasichana ushonaji, njia ya kwenda Tosamaganga. Akinipigia simu ananisalimia Kinyakyusa, "Ugonile." Mimi namjibu Kihehe, "Kamwene." Wote wawili matamshi yetu ni ya kuchekesha, na hakuna aliyekubali kusahihishwa.

Tukawa na utaratibu wetu. Hakuna anayetuma proposal kabla hajamsomea mwenzie kwenye simu. Yote, kwa sauti, mpaka bajeti. Mimi niko jikoni kwangu Uyole naosha vyombo, simu nimeiweka loudspeaker, yeye yuko Iringa anasoma. Kesho yake zamu yangu.

Vumilia alikuwa na msemo wake: jicho linasamehe, sikio halisamehe. Na kweli. Sentensi uliyoipitia kwa macho mara kibao, ukiisoma kwa sauti ndipo unasikia ilivyo mbovu.

Kosa tulilokuwa tunaliogopa kuliko yote tuliliita "kumtaja mke mkubwa". Unamwandikia mfadhili huyu, umechukua maneno kutoka proposal uliyomwandikia mfadhili mwingine, ukasahau kufuta jina la yule wa kwanza. Liko katikati ya ukurasa limekaa kimya. Msio wa fani hii mtasema ni kitu kidogo. Si kidogo. Mfadhili akikuta jina la mwenzie anajua hukumwandikia yeye, na anaacha kusoma hapo hapo.

Kwa miaka tuliyosomeana, hilo halikutupata hata mara moja.

Nisiwachoshe. Mwenyekiti wetu wa zamani alihamia Dodoma, ukafika mkutano wa kujaza nafasi. Mnajua hivyo vikao. Ukiulizwa nani anajitolea, kila mtu anagundua ana ujumbe wa muhimu kwenye simu. Hakuna posho, hakuna nauli, kuna lawama tu. Ukimya ukazidi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya chama. Nikanyoosha mkono.

Vumilia ndiye alianza kupiga makofi.

Makamu wangu akawa kaka mmoja, nimwite Masanja, wa Ubaruku. Anatafutia fedha shule moja ya huko. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, yeye kazaliwa hapo hapo kwenye mpunga. Haongei sana, ila akiongea jiandae.

Mwanzo mambo yalikwenda. Halafu ikaja taasisi moja ya ufadhili, ikasema inataka kusaidia mashirika madogo ya kwetu, na inaomba chama kipokee maombi, kihakikishe viambatanisho vimekamilika, kisha kiwatumie wao waamue. Kwa chama changa kama chetu hiyo ni heshima kubwa. Tukikosea, hatuitwi tena.

Kwa hiyo tukajibana. Mashirika yetu sisi wajumbe wa board tukayaondoa kabisa, hayaruhusiwi kuomba. Bosi wangu alininunia, akaniuliza sasa faida ya wewe kuwa mwenyekiti ni nini.

Na tukasaini, kila mmoja wetu, kwamba hatutamshauri mwombaji yeyote mpaka zoezi liishe. Nilimpigia Vumilia mwenyewe nikamwambia safari hii hatusomeani. Akacheka, akasema, "Sawa, mheshimiwa."

Proposal yake ilikuwa ya kwanza kuingia. Ndivyo alivyo, hapendi presha za mwisho.

Nikaifungua kuangalia viambatanisho. Cheti cha usajili kipo, ripoti ya ukaguzi ipo. Sikutakiwa kusoma zaidi ya hapo. Lakini wakuu, mtu umesomeana naye miaka, ukiona maandishi yake unasikia sauti yake. Nikajikuta nateremka nayo, nasoma huku namsikia.

Kwenye sehemu ya uendelevu wa mradi, mke mkubwa huyo hapo. Jina la mfadhili mwingine kabisa, zima, herufi kubwa mwanzoni.

Nilifunga laptop.

Muda wa kutuma maombi ulikuwa bado. Mwombaji aliruhusiwa kutoa na kutuma upya. Simu moja tu ilitosha. Wala nisingehitaji kusema kosa, ningemwambia "isome kwa sauti" tu, angeelewa.

Nikampigia Masanja badala yake. Nikamweleza. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwenyekiti, huyo ana wewe. Yule mama wa kikundi cha mpunga cha Rujewa, yeye ana nani?"

Huyo mama ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba fedha kokote. Maombi yake yalipoingia yalikuwa na makosa mengi ya uandishi kuliko ya Vumilia, na hakuna mtu aliyekuwa anafikiria kumpigia simu.

Nikatafuta njia ya katikati. Nikawatumia waombaji wote ujumbe mmoja: jamani, kabla muda haujaisha, kila mmoja apitie tena alichotuma, neno kwa neno. Nikaomba Mungu Vumilia aelewe.

Akanijibu kwa kidole gumba, na maneno: "Mimi nilishamaliza, ngoja niwaachie wale wa dakika za mwisho."

Niliusoma ujumbe ule nikaiweka simu mezani. Siku zilizobaki nilikuwa nikiona simu yake imeingia nafikiri sasa ameona. Kumbe anapiga kunisalimia tu. Ugonile, kamwene, habari za baridi. Nami nikawa najibu. Muda ukaisha.

Maombi ya mama wa Rujewa yalipita. Ya Vumilia hayakupita, na wale wafadhili hawakuzunguka, walimwandikia sababu waziwazi.

Alinipigia siku hiyo hiyo. Hakunisalimia.

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Lini?"

"Siku uliyotuma."

Kisha akasema, na hili ndilo linanirudia, "Mimi nilijua hutanisaidia, Atu, tulikubaliana. Ila ulivyokuwa unaongea na mimi vizuri kila siku, nikasema basi iko safi. Ingekuwa na shida ningesikia kwenye sauti yako."

Nilianza kueleza habari za kusaini, za chama, za mama wa Rujewa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, dada. Nimekuelewa."

Hakuwa amewahi kuniita dada, sisi ni rika. Nikajua imeisha.

Kituo kilifunga darasa la pili la ushonaji, na mkataba wa Vumilia ulipoisha hawakuwa na cha kuuendeleza. Nilimtumia ujumbe wa pole, ukasomwa. Wa Krismasi ukasomwa. Nikaacha, maana na mimi nina aibu zangu.

Wakuu, kilichofuata ni upweke ambao sikuujua kabla.

Habari kwamba nimekosana na rafiki yangu kwa ajili ya zile fedha zilienea kwenye chama, ila kosa lenyewe hakuna aliyelijua, kila mtu na toleo lake. Wengine wakasema nina roho ngumu. Wengine wakanisifia, eti huyo ndiye kiongozi, hana rafiki. Hao waliniumiza zaidi. Watu wakaanza kuniogopa kwa heshima. Nikiingia kwenye kikao maongezi yanahamia kwenye hali ya hewa. Chai tunakunywa, naletewa kikombe mezani, na hakuna anayekaa kiti cha pembeni.

Kazini huwezi kulieleza hili. Nyumbani nikamweleza mama, akasema, "Si ungempigia tu mwenzio?" Mama hana mambo mengi.

Proposal zangu siku hizi najisomea mwenyewe jikoni kwa sauti. Nawaambieni, haifanyi kazi. Sikio lako mwenyewe linasamehe.

Mkutano mkuu uliofuata ulifanyikia Iringa, wa uchaguzi. Nilikwenda nimeshaamua sigombei. Nilitaka nikabidhi, nirudi kuwa mwanachama, labda watu watanizoea tena.

Kabla ya uchaguzi akasimama kaka mmoja wa Mbeya ambaye maombi yake yalikosa. Akasema bila kupepesa macho kwamba fedha za ile taasisi ziligawanywa kwa marafiki wa board, na viongozi tujieleze. Ukumbi ukaguna.

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema tu, rafiki yangu wa karibu kuliko wote alikosa kwa kosa nililoliona. Lakini lile kosa ni la Vumilia. Kwenye fani yetu ni aibu, nami nisingeweza kumvua nguo mbele ya watu ili mimi nivae. Nikasimama pale nasema tulifuata utaratibu, tulifuata utaratibu, hata mimi nikawa sijiamini.

Basi nyuma kabisa mtu akaomba kusema. Vumilia. Sikumwona akiingia, wala sikujua kwamba ameshapata kazi kwenye shirika lingine na bado analipa ada ya chama.

Hakuniangalia. Alimwangalia yule kaka.

"Kama mnamtafuta rafiki wa mwenyekiti, ni mimi. Proposal yangu ilikuwa na jina la mfadhili mwingine. Yeye aliliona mapema na angeweza kuniambia. Hakuniambia. Wasichana wangu wa darasa la pili wako nyumbani sasa hivi. Kwa hiyo hayo ya marafiki yafuteni. Napendekeza aendelee."

Akakaa.

Masanja akaunga mkono. Ukumbi mzima ukanyoosha mikono, hata yule kaka. Kugombea sikugombea, kukataa nikashindwa, maana ningekataaje neno la Vumilia? Nikashukuru wajumbe kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Tulipotoka kwa chai nilimtafuta. Nikaenda mpaka getini. Mlinzi akaniambia ameshaondoka, hata chai hakunywa.

Niliko ndiko huko, wakuu. Ni mwenyekiti wa awamu ya pili, nimewekwa na mtu ambaye hapokei simu yangu. Watu wananipongeza. Naitikia.

Funzo? Ukijitolea uongozi kwenye chama cha watu wa fani yako, watakuonya kwamba utapoteza muda na nauli. Hivyo vinavumilika. Hawakuambii kwamba watu uliojiunga nao ili usiwe peke yako ndio hao hao utakaotakiwa kukaa nao mbali. Bado naamini nilifanya sawa. Naamini, na bado namkumbuka mno.

Mliowahi kuongoza vyama, vikundi, hata kamati za harusi, niambieni ukweli: ungepiga ile simu au usingepiga? Na yule aliyewahi kumrudisha rafiki wa namna hii, alianzia wapi? Msinipambe, nishapambwa sana. Andikeni hata kwa kirefu, nitasoma zote. Jioni zangu siku hizi zina nafasi.