Mti Usiomjua Mama

Mti wa murembe wa nyuma ya jiko letu ulianguka Jumapili mchana, tukiwa bado na nguo za kanisani. Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Upepo ulitangulia, ikafuata mvua ya mawe, kisha kishindo kilichogonganisha vikombe kabatini. Tulipotoka tulikuta paa la nyasi limebonyea, ukuta mmoja wa udongo umepasuka toka juu hadi chini, na shina zima limejilaza juu ya jiko, maua yake mekundu yakidondokea kwenye sufuria ya mboga.

Mama alitambaa kwa magoti upande uliobaki, akatoa mwiko, chungu cha maziwa na kuku wawili waliokuwa wangali hai. Alipoinuka alimtazama baba. Baba akatazama mawingu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule, nimerudi nyumbani, na kazi yangu kubwa ilikuwa kungoja. Jumamosi ya wiki hiyo wageni wa upande wa Butere walikuwa waje kuniposa. Kijana mwenyewe nilimpenda, sisemi uongo, lakini kila nilipofikiria kuondoka kwetu miguu ilianza kuniwasha na sikuweza kukaa kitini. Nilikuwa natoka mlangoni hadi langoni, langoni hadi kisimani, ndoo mkononi hata kama mtungi umejaa. Baba aliniuliza kama nimekanyaga siafu. Sasa mti umelala juu ya jiko, wageni wako njiani, na hakuna mahali pa kusongea ugali wa watu wote hao. Posa bila chakula si posa, ni baraza la chifu.

Mtu asiyetujua angeuliza, si mngeukata tu? Watu wengine wangeukata. Sisi hatukuweza, kwa sababu ule ulikuwa mti wa kiapo. Babu yangu na ndugu yake waligombania shamba zamani, baba akiwa mtoto, na wazee wakawapeleka mbele ya huo murembe. Kila mmoja alichoma shina kwa mkuki akisema kama anadanganya, mti umchukue. Ndugu yake babu hakumaliza mwaka. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa damu yetu aliyeugusa kwa chuma, wala aliyeokota kijiti chake akatia motoni, si upande wetu wala upande wa pili wa ua walikokaa wajukuu wa yule marehemu. Kabla ya mtu wa ukoo kuukata ilibidi mzee mmoja ajuaye maneno yake aje na kondoo mweusi, afungue kiapo.

Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee wetu alikuwa amehamia Lumakanda kwa wanawe, waliokuwa wamepata shamba la mahindi huko. Baba alituma ujumbe. Jibu likaja kwamba mzee mguu umevimba, atakuja ukinywea. Tukabaki tunauombea mguu wa Lumakanda.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu. Darasani aliwaambia watoto kwamba mambo ya viapo ni giza la kale. Wiki ile giza lilimkuta mchana kweupe. Alikuwa akitoka na kikombe cha chai, anauzunguka mti kwa mbali, anarudi ndani. Nilimwambia atafute watu wa msumeno kutoka nje ya ukoo. Akasema atawaambia nini wakimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hawezi kuondoa hata tawi? Jumanne akamleta mchungaji. Mchungaji aliomba kwa sauti kubwa, akalikemea kila pepo lililojificha kwenye gome. Alipomaliza baba akamnyooshea panga kwa adabu. Mchungaji akakumbuka kwamba bibi yake mzaa baba alizaliwa katika ukoo wetu. Alikunywa uji, akaondoka.

Mama alipikia nje, chini ya upenu wa mabati wa nyumba kubwa, mawe matatu yakiwa kwenye tope. Mvua ilikuja kila siku saa zile zile za kuwasha moto. Moshi uliingia sebuleni, ukajaa kwenye vitambaa vya makochi alivyokuwa amevifua kwa ajili ya wageni. Nilimwona akipuliza kuni mbichi mpaka machozi yanamtoka, nikashindwa kujua ni moshi peke yake ama kuna kingine. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba, nikaukasirikia mti, na sijui kwa nini nilimkasirikia pia yule kijana wa Butere ambaye hakuwa na kosa lolote.

Aliyefanya mambo yawe mabaya zaidi ni senje. Kwetu senje ni shangazi, dada wa baba, na huyu wetu alikuwa ameachika, amerudi kwao, na boma zima lilikuwa chini ya macho yake. Jumatano alikaa kwenye kigoda, akasema wageni waambiwe warudi mwezi ujao.

"Mwezi ujao mguu wa mzee utakuwa umepona?" mama akauliza.

"Wewe mambo ya hapa huyajui," senje akasema. "Wewe ulikuja tu."

Neno hilo nililisikia tangu utotoni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alipewa jembe siku ya kwanza, na ugeni wenyewe haukuisha. Alizaa watoto sita hapo, akazika mmoja hapo, akalima shamba mpaka mgongo ukapinda, na bado likizungumzwa jambo la maana, iwe mpaka wa shamba au kaburi au ng'ombe, senje alimkumbusha kwamba alikuja. Mama aliendelea na kazi yake. Sisi watoto tulizoea neno hilo kama watu wanavyozoea kizingiti kirefu, tukawa tunaliruka bila kuliangalia.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri, nikaamka mapema, nikaanza kufagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Mama alitoka nyumbani amefunga leso kiunoni. Mkononi alishika shoka lake. Nasema lake kwa sababu alikuja nalo kutoka kwao siku alipoolewa, na baba alimcheka miaka yote, kwamba ni mwanamke gani anaingia kwa bwana na shoka kama mtu anayekwenda vitani. Lilikuwa la kupasulia kuni tu. Alisimama mbele ya senje, aliyekuwa akiota jua mlangoni.

"Mulamwa," mama akasema, kwa heshima, kama inavyompasa mtu kumwita wifi yake. "Kuna kitu nataka kukuuliza. Wewe unaniambianga mimi nilikuja. Ni kweli ama si kweli?"

Senje alishangaa kuulizwa. "Ni kweli. Kila mtu anajua."

"Mimi si wa damu yenu?"

"Utakuwaje wa damu yetu na kwenu kunajulikana?"

"Asante," mama akasema. "Basi hii mti hainijui."

Akazunguka nyuma, akapandisha mguu mmoja juu ya ukuta uliopasuka, akainua shoka. Pigo la kwanza lilitoa sauti laini, maana murembe si mti mgumu. Senje alipiga kelele ya kuita watu. Baba alitoka na kiatu kimoja. Wanaume wa pande zote mbili za ua wakaja wakasimama mbali, kana kwamba mti ungeweza kuinuka. Mama alipiga tena na tena. Hakuna kilichotokea, ila vipande vyeupe kuruka.

Mimi nilishindwa kusimama. Siku zote zile nilikuwa natafuta kitu cha kufanya na mikono yangu, na sasa nilikiona. Nilichukua panga jikoni, yaani pale palipokuwa jiko, nikashika tawi.

Mama hakugeuka vizuri. Alinitazama juu ya bega. "Weka hiyo chini."

"Mama, peke yako hutamaliza."

"Weka chini, nimesema. Wewe ni wao."

Niliweka panga chini. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali kikombe kilipo. Lakini miaka yote nilijihesabu upande wake. Kumbe mama yangu alikuwa peke yake katika boma lile, na sisi watoto wake, aliotubeba mgongoni na kutulisha, tulisimama ng'ambo pamoja na senje. Alilijua hilo toka zamani, akatupikia hata hivyo. Nilirudi nyuma nikasimama na wanaume, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama, na nililia mbele yao bila kujificha.

Basi nikasikia mtu akisema nyuma yetu, "Asalam aleikum." Ilikuwa sauti ya mke wa jirani yetu wa ng'ambo ya ua, jirani huyo akiwa mjukuu wa yule ndugu yake babu. Mume alikuwa amesilimu alipokuwa akichuuza nguo Mumias, akaoa mke wa huko Ekero. Kati ya nyumba yao na yetu watu waliazimana chumvi kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na panga.

"Aleikum salam," mama akajibu, yeye mtu wa kwaya.

"Na mimi nilikuja," yule mke akasema. "Mume wangu hunikumbushanga."

Akashika tawi. Hawakukaa sana, akatokea mke wa baba mdogo, mzaliwa wa Malava, amebeba jembe kwa sababu panga lao lilikuwa limepotea. Wakafuata wengine, wale walioolewa huko juu na wale walioolewa kule mtoni, na kila aliyefika alitaja kwao kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Wakacheka. Sijawahi kusikia wanawake wa kijiji chetu wakicheka namna ile mbele ya waume zao.

Baba alisimama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, nikadhani ameona aibu amejificha. Alirudi na tupa, ile ya kunolea majembe, akaketi kwenye jiwe akiupa mti mgongo. "Leteni yaliyo butu," akasema. Kiapo kilisema tusiuguse mti. Hakikusema lolote juu ya kunoa. Mama alimpa shoka, naye akalinoa, akajaribu makali kwa kidole gumba, akamrudishia. Nadhani hiyo ndiyo barua ya mapenzi pekee niliyowahi kumwona akimpa.

Jioni jiko lilikuwa wazi. Vipande walivibingirisha hadi uani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvitia motoni, mtu wa damu asije akaota moto ule. Ijumaa wakakandika ukuta, wakaweka turubai mahali pa paa, na Jumamosi wageni walikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mpaka wakafungua mishipi.

Baada ya chakula msemaji wao alisimama. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti nzuri. Alisema wamefurahi, alisema wamemwona mtoto ana adabu, na akamalizia, "Huyu msichana hatakuwa mgeni kwetu. Kuanzia leo ni damu yetu kabisa."

Watu walipiga makofi. Mama alikuwa anapita na sinia la vikombe, mikono imefungwa vitambaa kwa malengelenge. Alisimama katikati ya sebule akacheka, akacheka kweli, mpaka vikombe vikalia na senje akainamisha macho. Wageni walidhani ni furaha. Aliponipita aliinama sikioni kwangu kama mtu anayechukua kikombe kitupu.

"Usisahau kubeba shoka," akasema.

Nilidhani ananitania. Siku niliyoolewa, nilipofungua mizigo Butere, nililikuta chini ya sufuria, limeviringishwa kwa gunia, makali yamenolewa upya kwa tupa. Mpini nimeshaubadilisha. Shoka ni lile lile.