Laini ya Jina la Hsiu-yun

Umeme ulirudi katika mji wa Puzi Jumamosi saa mbili asubuhi, siku ya pili baada ya kimbunga, na kitu cha kwanza alichowasha Tu Shui-sheng hakikuwa friji yenye samaki walioanza kunuka. Aliwasha mashine ya michezo. Saa nne kamili binti yake Pei-shan, mwenye miaka kumi na miwili, angekuwa anamsubiri kwenye kisiwa cha kwenye runinga, ameshika ndoano, kama kila Jumamosi tangu mama yake aende naye Kanada na kuolewa huko. Kuvua samaki wa uongo na kuandikiana maneno mawili matatu: ubaba wake wote ulibaki hapo. Mama mtu hakutakiwa kujua.

Runinga ikasema hakuna intaneti.

Shui-sheng hakubabaika. Miaka ishirini na sita alipanda nguzo za simu, leo ashindwe na kisanduku cha intaneti? Akachomoa, akahesabu hadi sitini, akachomeka. Akabadilisha waya. Taa ikang'ang'ania wekundu wake. Jirani yake, Bi. Liao, aliyekuja kuazima ndoo, akaichukua pakiti ya vitafunio iliyokaa juu ya kisanduku, maana huko kila mashine huwekewa pakiti ya kijani kama mlinzi, ili isilete ukaidi.

"We Shui-sheng! Hii imeisha muda tangu Mei. Unamlisha mlinzi chakula kibovu halafu unamtaka afanye kazi?"

"Dada, mimi ni fundi."

"Fundi wa nguzo! Kanunue nyingine. Na usiniletee ya manjano, hiyo inaua mashine."

Mfa maji haishi kutapatapa. Duka la kona lilibakiwa na za manjano tu, akatembea hadi sokoni akiruka matawi yaliyoanguka. Aliporudi na ya kijani ilikuwa saa tatu na nusu, na taa bado nyekundu. Ndipo akasoma vizuri maandishi kwenye runinga, akaelewa: umeme uliporudi kwa kishindo, kisanduku kilisahau kila kitu, pamoja na namba ya siri. Akapigia shirika la simu.

"Mzee, laini hii ni ya Bi. Kuo Hsiu-yun. Apige mwenyewe."

"Mimi ni mumewe."

"Basi mpe simu, mzee wangu."

Akakata. Ujinga wake mwenyewe. Miaka mitatu tangu mkewe aondoke angeweza kwenda ofisini na mihuri miwili ya majina, ile ya kugonga badala ya sahihi, wake na wa mkewe, akabadilisha jina la laini. Muhuri wa Hsiu-yun ulikuwa bado kwenye droo. Lakini kubadilisha jina kungekuwa kukubali kwamba harudi, na kila mwezi bahasha ya bili ilipofika ina jina la mkewe, Shui-sheng aliisoma mara mbili.

Dakika kumi zilibaki. Akampigia.

"Hsiu-yun, naomba namba ya siri ya laini. Nataka kutazama besiboli."

"Besiboli, asubuhi yote hii? Hujawahi kujua kudanganya. Ni kuvua, siyo?"

"Usimgombeze mtoto. Kosa ni langu."

"Nimgombeze kwa lipi? Pei-shan aliacha huo mchezo tangu Februari. Ana wenzake, kila Ijumaa jioni, kama sasa huku, wako barafuni wanateleza. Hata sasa hayupo. Nilikuta mashine iko wazi, nawe umesimama ufukweni unangoja. Nikakuonea huruma."

"Kwa hiyo yule..."

"Ni mimi. Na nimechoka, Shui-sheng. Mume wangu ameanza kuuliza. Leo nilitaka kukuaga." Kisha, kwa sauti ya chini: "Namba ni tarehe aliyozaliwa mtoto. Unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Aliiandika, na taa ikawa kijani mara ya kwanza. Saa nne kamili alikuwa ufukweni, peke yake.

Akakumbuka kwamba Juni "mtoto" alimwandikia: umemeza dawa ya presha? Siku ile alimtambia Bi. Liao hadi mtaa mzima ukasikia kwamba binti yake amekua, ana akili. Sasa alikaa mbele ya runinga akalia, mtu mzima na mvi zake, na hakujua anamlilia nani: binti aliyeacha kuja, au mke aliyekuwa akija kila Jumamosi bila yeye kumtambua.